Mkojo wa Watu Wawili

Msimu ule kila mtu Goma alikuwa anapungua, mimi nikawa naongezeka. Barabara ya Butembo ilikuwa imekatwa na vita, maharagwe yalipatikana kwa shida, na majirani zetu wa mtaa wa Katindo waliniletea nguo zao niwapunguzie viuno. Mimi niliyekuwa nawapunguzia nilikuwa nafungua mishono ya nguo zangu mwenyewe. Uso wangu ulijaa ukawa duara. Tumbo lilitangulia mbele. Nyuma ya shingo paliota nyama laini ambayo kitambaa hakikuweza kuificha. Lakini mikono na miguu ilikonda, kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine.

Naitwa Kahindo, mama wa watoto wawili. Nashona nguo za wanawake, kazi niliyojifunza Butembo kabla ya kuolewa. Ninaandika haya kwa sababu nilipokuwa mgonjwa nilitafuta mtu mmoja tu aliyepitia jambo hili anieleze linavyokuwa, na sikumpata. Sitaeleza udaktari, wenyewe wapo. Nitasema tu jinsi nilivyoishi.

Ilianza polepole mno. Nakumbuka mvua za Septemba zilikuwa zimeshika, nikaona siwezi kuinuka kwenye kiti cha mashini ya kushonea bila kushika meza. Nikasema ni kwa sababu ya kukaa sana. Kisha nikawa napata alama za bluu mwilini kila nilipojigonga, hata mkasi ukinigusa tu pajani. Usingizi ukaniacha. Ndevu nyembamba zikaota kidevuni, nikawa nazinyofoa asubuhi mbele ya kioo kabla binti yangu Aline hajaamka. Damu ya mwezi ikakatika. Tumboni ikatokea mistari mipana ya zambarau, kama ya mtu aliyechapwa fimbo. Hiyo sikumwonyesha yeyote.

Kitu ambacho watu hawakisemi ni hasira. Nilikuwa nalia kwa sababu uzi umekatika, halafu nakasirika kwa sababu nimelia. Watoto walijifunza kupita nyuma ya kiti changu kimya kimya. Mdogo akiniomba jambo alimtuma dada yake.

Mume wangu, Paluku, anafanya biashara ya maharagwe na mafuta ya mawese kati ya Butembo na Goma. Vita vilipofunga barabara alikuwa upande wa Butembo, akabaki huko. Mama yake alikuwa amekuja kwetu kutibiwa macho, naye akabaki huku. Tuliishi pia na Masika, dada mdogo wa Paluku, anayelingana nami kwa umri. Masika anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na ndiye aliyekuwa akilisha nyumba wakati mimi siwezi tena kukaa kwenye mashini siku nzima.

Hapa Goma kila mwanamke anavijua vile vidonge vya kunenepesha. Vinauzwa sokoni, vichache vichache ndani ya kipande cha karatasi, na wanaovinunua wanataka mashavu na makalio. Mashavu yanakuja kweli. Kwa hiyo wateja waliponiona walicheka kwanza, wakaniuliza jina la dawa. Mmoja aliniinamia sikioni akasema, "Mama Aline, usitunyime. Mutu wako anakununulia wapi?" Nilimpa nguo yake. Hakurudi.

Mama mkwe wangu ana macho mabovu, lakini alichohitaji kuona alikiona. Siku moja nikiwa nachambua maharagwe alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Mama Aline, nakuuliza kama mutoto wangu. Unakunywa nini?"

"Sikunywi kitu, mama."

"Batu banasema."

"Banasema nini?"

"Banasema bwana yako haiko hapa, na weye uko najinenepesha. Sasa ni juu ya nani?"

Ukiulizwa unanenepa kwa ajili ya nani, ukikaa kimya umekubali, na ukipiga kelele umekubali zaidi. Niliendelea kuchambua maharagwe. Yeye akainuka akaenda zake.

Maneno hayo yalifika Butembo kwa simu kabla sijayafikisha mimi. Paluku alikuwa akinipigia kila mtandao ulipokuwa mzuri. Sasa akaanza kupiga kwa Masika na kuomba kuongea na watoto. Aliponitafuta mimi alisema jambo moja: "Nitumie foto yako." Sikutuma. Niliona haya na ule uso. Nilijaribu mara kadhaa kujipiga picha karibu na dirisha, nikazifuta zote. Kwake yeye, kunyima picha kulikuwa ushahidi. Akasema, "Basi, nimeelewa," akakata. Nami nikabaki na simu mkononi, nimechoka kiasi kwamba hata kuumia niliahirisha.

Kuhusu hospitali, nitasema ukweli kwamba mwaka mzima nilitibiwa magonjwa ambayo yalikuwa vivuli tu vya ugonjwa wenyewe. Shinikizo la damu lilipopanda nilipewa dawa ya shinikizo. Sukari ilipopanda nikaambiwa niache bugali. Kiungulia, dawa ya kiungulia. Kila mahali benchi ni lile lile, ukuta umepakwa rangi ya kijani nusu, na kina mama wamekaa wakisogea kidogo kidogo kuelekea mlangoni. Mara moja mama mmoja aliyewahi kuishi kwenye kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya alinipisha mahali pake penye kuegemea ukuta. "Kaa vizuri, mama. Mimba iko ya miezi ngapi?" aliniuliza kwa upole. Nilimwambia saba. Sikuwa na nguvu ya kueleza, na nilitaka sana ule ukuta.

Waganga wa hospitali walioniona, nao waliuliza swali la mama mkwe. Mmoja hakuniangalia hata usoni. "Acha vile vidonge, mwili utarudi," alisema, akaita mtu mwingine. Nilipomwambia sijawahi kuvimeza, alitabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto.

Masika ndiye aliyesikia kuhusu daktari mwanamke katika zahanati moja ndogo upande wa juu wa mji. Tulikwenda kiangazi, vumbi la mawe meusi likiwa limejaa hewani. Daktari huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniambia nichuchumae, kisha niinuke bila kushika kitu. Sikuweza. Nilibaki pale chini hadi Masika aliponivuta. Daktari aliniomba nifunue tumbo, akaangalia ile mistari kwa muda, akabana ngozi ya mkono wangu kwa vidole viwili, nyembamba kama karatasi ya sigara. Kisha akakaa.

"Nitakuuliza mara moja tu," alisema. "Umetumia vidonge vya kunenepa, ao mafuta ya kubadilisha ngozi, ao sindano yoyote? Ukinijibu, nitaamini jibu lako mpaka vipimo viseme ingine."

"Hapana, dokta."

"Sawa."

Hiyo "sawa" ilinifanya nilie pale pale. Hakuninyamazisha. Alisubiri nimalize ndipo akaeleza kwamba anataka mkojo wangu wa siku nzima, kuanzia asubuhi hadi asubuhi ya pili, wote bila kupoteza hata tone. Alisema kuna homoni inayotoka kwenye tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo, na kwamba kila mtu mzima anaitoa kidogo kwenye mkojo kila siku bila kujua. Alitaka kuona mimi natoa kiasi gani.

Kisha akamgeukia Masika. "Na wewe, uko mugonjwa wa kitu?"

"Hapana, dokta. Niko muzima."

"Basi nataka na yako."

Masika akaniangalia, akamwangalia yeye. Daktari alifafanua kwamba mkojo ungepelekwa ng'ambo ya mpaka, kwenye maabara ya Rwanda, kwa sababu Goma hakuna anayepima homoni ile. Ungekaa njiani, ungepigwa na joto, na watu wangekuja kusema umeharibika. Lakini kama chupa mbili zinasafiri pamoja, za wanawake wawili wa umri mmoja, wanaokula chungu kimoja, ile ya mzima ingeonyesha kama safari ilikuwa nzuri.

"Tutakunywa na kula sawasawa?" Masika aliuliza.

"Mukule vile munakulaka. Na usidanganye. Ukimwaga kidogo, sema."

Tulichagua Jumapili, kwa sababu sokoni hakuna kazi nyingi. Tulinunua bidoni mbili, madumu ya plastiki ya njano, tukaziosha kwa maji ya moto. Yangu niliifunga uzi mwekundu kwenye mshikio wake. Mkojo wa kwanza wa asubuhi mnaumwaga, kuanzia hapo kila tone linaingia. Linaonekana jambo dogo, lakini sisi tunatumia choo kimoja na wapangaji wengine wa kiwanja, na kila safari nilitoka na ndoo ndogo iliyofunikwa kitambaa nikipita mbele ya watu wanaopiga mswaki. Umeme haukuwepo. Masika alileta vipande vya barafu anavyofunikia sambaza, tukaziweka bidoni ndani ya beseni nyuma ya mlango, mahali pa kivuli, tukazizungushia barafu.

Mama mkwe alitoka Misa akazikuta.

"Hii ni nini?"

"Mukojo, mama," Masika alijibu. "Huu wangu, huu wa Mama Aline."

"Juu ya nini?"

"Dokta anataka kulinganisha."

Alisimama pale ameshika rozari, akizielekezea bidoni uso kana kwamba anazisikiliza. Akasema, "Mambo ya sasa," akaingia chumbani.

Mchana ule mimi na Masika tulikaa kwenye mkeka bila kwenda popote, kwa sababu hakuna anayeweza kwenda mbali na bidoni yake. Ilikuwa siku ya kwanza kwa muda mrefu nilipokaa na mtu bila kazi mkononi. Tulimenya viazi. Mara akasema, bila kuniangalia, "Mimi pia nilisemaka ulikunywa."

"Najua."

"Nilimwambia Paluku."

"Hiyo sikujua."

"Nilikuwa nakuona uko natoka ndevu, nikasema huyu amezidisha dawa." Aliweka kisu chini. "Unisamehe, wifi."

Nilimwambia amalize viazi. Sikuwa na msamaha tayari siku hiyo, na sikutaka kumpa wa uongo. Lakini alipokwenda chooni na ndoo yake, akarudi akiipima kwa macho na kusema, "Leo nimekuwa bomba ya maji," nilicheka, na tumbo likaniuma kwa kucheka.

Kesho yake asubuhi tulizibeba bidoni kwa pikipiki hadi zahanati, kila mtu na yake magotini. Walipima wingi, wakachukua chupa ndogo kutoka kila moja, zikaondoka na mtu wao kuvuka mpaka. Kilichofuata ni kungoja. Kungoja kwenyewe nilikuwa nimeshazoea. Mvua zilirudi, vumbi likalala, Aline akaanza shule, na mimi nikavunjika ubavu kwa kukohoa tu. Ndiyo, kwa kukohoa. Mifupa pia ilikuwa inaliwa.

Tulipoitwa kwa ajili ya majibu, mama mkwe alivaa viatu vyake akasema anakuja. Hakuna aliyemwalika. Tulikaa watatu mbele ya daktari kwenye viti viwili na stuli.

Alianza na Masika. Homoni yake ilikuwa ndani ya kiasi ambacho wanawake wazima hutoa. Chupa zilikuwa zimesafiri vizuri. Kisha akasema yangu ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ya Masika.

Mama mkwe alipiga ulimi. "Si nilisema? Alikunywa mingi."

"Hapana, mama," daktari alisema. Hakupandisha sauti. "Angekunywa vile vidonge, tezi zake zingelala. Mukojo wake ungekuwa na kidogo sana ya hii homoni, kuliko hata ya binti yako. Hii yote, ni mwili wake mwenyewe uko natengeneza. Kuna mahali ndani yake panatengeneza bila kusimama."

"Bila kunywa kitu?"

"Bila kunywa kitu."

Mama mkwe aliuliza tena, kwa Kinande, lugha yetu, safari hii, akimwelekea Masika ili atafsiriwe vizuri. Masika alirudia neno kwa neno. Mimi nilikuwa nimengoja siku hiyo kwa mwaka mzima, nikidhani nitasimama niseme maneno. Lakini nilitamani kulala tu. Tulipotoka nje, mama mkwe alinunua ndizi za kuiva kwa mwanamke wa getini, akanimenyea moja, akanitia mkononi. Tulipopanda pikipiki alikaa nyuma yangu akanishika kiuno kwa mikono yote miwili, muda wote, kama unavyomshika mtoto asianguke.

Skana, picha ya ndani ya mwili, ilionyesha uvimbe kwenye tezi ya juu ya figo ya kushoto. Daktari alisema wa namna ile mara nyingi si saratani, lakini lazima utolewe, na akatuelekeza kwa wapasuaji wa Kampala waliozoea kazi hiyo. Familia ilichanga, watu wa kanisa walichanga, na Masika akampigia Paluku mbele yangu. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, akimwita yaya, yaani kaka mkubwa. "Ni mugonjwa, yaya. Ni mugonjwa toka zamani. Sisi wote tulikosea." Kisha akanipa simu.

"Mama Aline," Paluku alisema.

"Naam."

"Nitapita Uganda. Nitakungojea Bunagana, upande wa pili."

Butembo na Goma ni ndugu, lakini kwa wakati huo mtu wa Butembo aliyetaka kufika kwetu alilazimika kutoka nchini kwa mpaka wa Kasindi, kuzunguka Uganda yote ya magharibi, na kurudi kwa mpaka wa Bunagana. Alifanya hivyo. Mimi na Masika tuliondoka Goma kwa gari dogo kupitia Rutshuru, nimeegemea dirisha, kila shimo la barabara likinipiga ubavuni. Bunagana tulivuka kwa miguu kati ya malori yaliyopanga mstari kungoja ushuru.

Paluku alikuwa amesimama kando ya kibanda cha kubadilisha pesa, amekonda, amevaa koti nililomshonea mimi. Alimwona Masika akaja haraka. Wakakumbatiana. Nilikuwa nimesimama pale pale, ningeweza kumgusa. Alinipa mkono kwa heshima, kama unavyompa mama wa watu usiyemfahamu, "Jambo mama," kisha akamgeukia dada yake.

"Na Mama Aline? Amebaki kwa uhamiaji?"

Masika alinigeukia.

"Niko hapa, Papa Aline," nilisema.

Alijua sauti. Uso haukumsaidia, sauti ndiyo ilimsaidia. Alinitazama, akashusha macho hadi miguuni, akayapandisha tena, na nikaona anavyotafuta mahali pa kuanzia. Sikumwonea huruma wakati huo. Nilifikiri, angalia sasa, hii ndiyo foto. Alichukua begi kutoka mkononi mwangu.

Tulikuwa tumepita Kisoro ndani ya basi alipoongea. "Myezi yote ile," alisema, akitazama kiti cha mbele, "nilikuwa nakasirikia mutu mugonjwa."

Nikamwambia nimechoka, tutaongea. Nikalaza kichwa dirishani. Baadaye alivua koti akalikunja, akaliweka kati ya kichwa changu na kioo.

Kuhusu upasuaji sina mengi. Nilikaguliwa meno, nikaulizwa jina, nikalala. Nilipoamka Paluku alikuwa ameshikilia kikombe cha maji ambacho sikuruhusiwa kunywa. Hospitalini wauguzi waliongea Kiingereza na Kiganda, na mmoja tu aliyejua Kiswahili alikuwa akija mwisho wa zamu yake kuniuliza kama nimekojoa. Swali hilo nilikuwa nimelizoea.

Sasa nisikilizwe vizuri na yeyote anayengoja kupasuliwa kama mimi. Nilidhani uvimbe ukitoka nitaamka na sura yangu. Siyo hivyo. Tezi ya upande wa pili ilikuwa imelala kwa muda wote ule, ikamwachia mwenzake kazi, na haikuamka kwa kuitwa. Mwili uliozoea wingi ukajikuta hauna. Viungo viliniuma kuliko kabla ya upasuaji. Ngozi ilibanduka kama ya mjusi. Nilirudi Goma nikiwa mchovu kiasi kwamba kunyanyua kijiko kulihitaji mawazo. Kuna siku nilimwambia Paluku kwamba afadhali wangeniacha na uvimbe wangu. Hayo yanapita, lakini yanapita kwa misimu, si kwa wiki.

Na nilipewa vidonge. Ni ndugu wa karibu wa vile vya sokoni, daktari wetu wa Goma alinieleza hivyo bila kuficha, ila hivi vinapimwa na vinapunguzwa taratibu mpaka tezi iamke. Nikiacha ghafla naweza kufa. Nikitapika nisingoje, niende hospitali. Mama mkwe aliyasikia hayo yote. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alibisha mlango wangu na uji wa ulezi mkononi, akasimama hapo.

"Umekunywa?"

"Bado, mama."

"Kunywa nione."

Hakuwahi kuniomba radhi kwa maneno. Zamani hilo lingenisumbua. Sasa nilimeza kidonge, yeye akasikiliza nikimeza, akaondoka.

Paluku alibaki Goma, anauza maharagwe ya Rutshuru kwa sasa. Msifikiri tuliporudi mambo yalinyooka. Kwa muda mrefu alikuwa akinishika kama chombo cha kuazima, na mimi nilikuwa na hasira nyingine, ya mtu mwenye akili timamu, ambayo haikuletwa na homoni yoyote. Nilimwambia siku moja tukianika nguo kwamba aliamini simu kuliko mimi. Alisema ndiyo. Hakujitetea. Tuliendelea kuanika.

Msimu mmoja wa mvua ukapita na mwingine. Uso ulianza kushuka, kwanza chini ya macho. Mistari ya tumboni ikageuka myeupe. Dawa ya shinikizo niliacha, ya sukari nikaacha, vidonge vikapunguzwa nusu kwa nusu hadi asubuhi moja daktari akasema nisimeze tena. Alipima mkojo wa siku nzima kwa mara nyingine. Ulikuwa wa kawaida. Aliniambia hivyo akiwa amesimama mlangoni, ana wagonjwa wengine, nami nikaenda nyumbani kushona sare za kwaya.

Ni mama mkwe aliyemleta yule binti. Alikuja naye baada ya Misa, mtoto wa jirani aliye kwenye kwaya, anaitwa Neema, yuko karibu kuolewa. Alikuwa amejifunika kitenge hadi puani. Mama mkwe alimwambia, "Toa," akatoa. Uso ulikuwa duara, mashavu mekundu.

"Huyu amekunywa kweli," mama mkwe alisema. "Juu ya ndoa. Sasa anaogopa, anataka kuacha zote leo. Nikamwambia asiache, aongee na weye kwanza."

Nakiri kwamba jambo la kwanza nililohisi halikuwa huruma. Nilimwangalia nikafikiri, ni kwa sababu yenu mnaovimeza hakuna aliyeniamini. Nilikuwa na sare za kumaliza. Nilitaka waondoke wote wawili. Yule binti alikuwa anatazama sakafu, na mikono yake, niliiona, ilikuwa imeanza kukonda.

"Unakunywa toka lini?" nilimuuliza.

"Toka Pasaka."

"Leo umekunywa?"

"Bado. Nilitaka kuacha."

"Kunywa ya leo. Kisha kesho tutaenda kwa dokta, yeye ndiye atakupunguzia."

"Atanigombeza."

"Atakuuliza mara moja tu. Umuambie ukweli."

Tulikwenda kwa miguu, kwa sababu asubuhi ilikuwa nzuri na mimi sasa naweza kupanda ule mlima wa kwenda zahanati. Tulikaa kwenye benchi tukisogea kidogo kidogo na wengine. Neema alikuwa amejifunika tena. Mlango ulipofunguliwa alitoka muuguzi mpya, ambaye hakunijua. Alitutazama, mmoja baada ya mwingine, mwanamke mwenye uso wa kawaida na msichana nyuma ya kitenge.

"Kati yenu, mugonjwa ni nani?"

Neema akashusha kitenge.

"Ni mimi," alisema, akainuka.